Kabla hujagusa ruhusa za folda ya pamoja

Mtumiaji analalamika kwamba faili inafunguka vizuri, lakini akitaka kuihifadhi anaambiwa hana ruhusa. Usikimbilie kumpa kila mtu kila kitu. Kuna mambo ya kuhakikisha kwanza, na mengine hayahusiani na ruhusa hata kidogo.

Angalia nafasi kwenye diski, na kama mtumiaji amewekewa kikomo cha nafasi, angalia kama amekifikia. Angalia pia kama kuna mtu mwingine aliyeifungua faili hiyo. Kwenye seva ya Windows amri ya Get-SmbOpenFile itakuonyesha anayeishikilia. Kwenye Samba, programu inayowezesha seva ya Linux kushirikisha folda na kompyuta za Windows, tumia smbstatus. Kama seva ni ya Linux, endesha mount uone kama diski bado ni rw (kusoma na kuandika). Diski ikipata hitilafu inaweza kujigeuza kuwa ro (kusoma tu), na hapo utabadilisha ruhusa mpaka kesho bila mafanikio. Ile alama ya Read-only kwenye sifa za folda ya Windows iache ilivyo, kwa sababu haimzuii mtu kuandika ndani ya folda, na ukiiondoa utaikuta imerudi.

Jua mtumiaji anaingia kwa jina gani hasa. Jina analokutajia linaweza kuwa tofauti na lile seva inaloliona. Windows hairuhusu kikao kimoja kutumia majina mawili kwa seva ileile, kwa hiyo kama kompyuta ilihifadhi nywila ya akaunti ya zamani, ndiyo itakayoendelea kutumika. Orodhesha kwa net use na cmdkey /list, futa muunganisho wa zamani, kisha aingie upya. Na kama umemwongeza kwenye kundi leo, mwambie atoke kwenye akaunti yake na kuingia tena. Uanachama wa kundi husomwa wakati wa kuingia, kwa hiyo kufunga dirisha na kulifungua tena hakutoshi. Athibitishe kwa whoami /groups.

Kwenye Windows kuna milango miwili: ruhusa za kushiriki (za folda inapofikiwa kupitia mtandao) na ruhusa za NTFS (za mfumo wa faili kwenye diski yenyewe). Anayepitia mtandao hupita yote miwili, na ule uliobana zaidi ndio unaoamua. Ukishirikisha folda kupitia Advanced Sharing, Everyone hupewa kusoma tu. Ndiyo maana mtu hushinda siku nzima akirekebisha NTFS bila kubadilika kitu. Utaratibu usiosumbua sana ni huu: upande wa kushiriki, wape watumiaji walioidhinishwa Change (kusoma na kubadilisha), kisha mchujo wote wa nani aingie wapi ufanyike kwenye NTFS.

Huko NTFS, toa Modify, inayojumuisha haki ya kufuta, usitoe Write (kuandika) peke yake. Excel haiandiki juu ya faili ya zamani moja kwa moja. Huunda faili ya muda, huiandika, kisha huiweka mahali pa ile ya zamani. Asiye na haki ya kufuta atakwama katikati. Ukikuta kwenye folda vifaili vyenye majina ya herufi na tarakimu nane visivyo na kiambishi, hiyo ndiyo dalili yenyewe.

Sasa sikiliza hili vizuri, maana ndilo linaloumiza watu: hifadhi ruhusa zilivyo sasa kabla hujabadilisha hata moja. Nakala rudufu ya mafaili haitoshi. Fikiria folda kuu yenye folda ndogo mia, na ndani yake kuna ya mishahara ambayo mtu aliikatia urithi (isipokee ruhusa za folda kuu) miaka mingi iliyopita ili wawili tu waione. Fundi anakuja kumsaidia mtumiaji mmoja asiyeweza kuandika. Anapanda mpaka juu, anaongeza kundi la mtumiaji huyo, anaweka tiki kwenye chaguo la kubadilisha ruhusa zote za vilivyomo ndani, anabofya OK. Upau unaanza kutembea. Baada ya dakika ishirini anaona makosa, anaogopa, anasitisha. Sasa nusu ya folda ina ruhusa mpya, nusu ina za zamani, na mishahara inasomwa na ofisi nzima. Hakuna kitufe cha kurudisha nyuma. Akirejesha mafaili kutoka nakala rudufu, atafuta kazi ya watu ya siku nzima. Kinachobaki ni kukaa na wakuu wa vitengo akiwauliza, folda baada ya folda, nani alikuwa anaruhusiwa kuona nini, na hakuna anayekumbuka sawasawa.

Amri moja ingemwepusha:

icacls D:\Pamoja /save C:\nakala\ruhusa.txt /t /c

Kurejesha, elekeza kwenye folda mama, si kwenye folda yenyewe, kwa sababu njia zilizohifadhiwa zinaanza na jina Pamoja:

icacls D:\ /restore C:\nakala\ruhusa.txt

Hii haihifadhi mmiliki wa faili, kwa hiyo usiendeshe takeown, amri ya kubadilisha mmiliki, kiholela ukidhani utarudi ulipokuwa. Kwenye Linux, getfacl -R /srv/pamoja > /root/ruhusa.acl huandika pia mmiliki na kundi. Hukata mkwaju wa mwanzo wa njia, hivyo urejeshe ukiwa ndani ya / na ukiwa root (msimamizi mkuu), kwa setfacl --restore=/root/ruhusa.acl. Na chmod -R 777 si dawa. Inafungua kila kitu kwa kila mtu, inageuza kila waraka kuwa faili inayoweza kuendeshwa, na inafuta kumbukumbu ya mpangilio uliokuwepo.

Kwa Samba, kumbuka kwamba kwenye faili yake ya mipangilio, read only (kusoma tu) ni yes usipoandika chochote. Weka no, endesha testparm kukagua, kisha pakia upya. Kama watu wanaandika mafaili yao lakini hawawezi kuhariri ya wenzao, tatizo ni kundi na barakoa (namba inayoweka mpaka wa ruhusa za faili mpya): create mask ya kawaida ni 0744, nayo hailipatii kundi haki ya kuandika. Weka 0664, directory mask iwe 2775, na folda yenyewe ipewe chmod 2775 ili vipya virithi kundi lake. SELinux (mfumo wa ziada wa usalama wa Linux) ikiwa imewashwa, tazama lebo kwa ls -Z. Folda iliyohamishwa kwa mv kutoka nyumbani kwa mtumiaji hubeba lebo yake ya zamani. Ipe samba_share_t kwa semanage fcontext na restorecon. Usiizime SELinux.

Mwishowe jaribu kwa akaunti ya mtumiaji wa kawaida, kutoka kompyuta yake, kupitia mtandao. Jaribio la msimamizi akiwa kwenye seva halithibitishi lolote. Fanya vitendo vinne: unda faili, ihariri, ibadilishe jina, ifute. Kisha jaribu pia folda ambayo hatakiwi kuiingia, uone kama bado imefungwa.

Fanya kazi hii watu wakiwa wamefunga mafaili yao, badilisha folda moja kwa wakati mmoja, wape ruhusa makundi badala ya mtu mmoja mmoja, epuka Deny (kukataza moja kwa moja) kama unaweza, andika ulichogusa na saa uliyogusa, na ruhusa yoyote uliyompa mtu kwa ajili ya majaribio iondoe kabla hujatoka.