Panna cotta kwenye joto la Tanga, bila oveni

Kaskazi ikishika Tanga, kuwasha oveni kwa ajili ya keki ni kujitafutia adhabu. Ndiyo maana mtu akiniuliza awape nini wageni baada ya pilau, namwambia panna cotta: krimu, maziwa, sukari na kitu cha kugandishia, basi. Asili yake ni Piemonte, kaskazini mwa Italia, na mwaka 2001 mkoa huo uliiweka katika orodha ya vyakula vyake vya jadi. Haina yai, haina unga wa ngano, na inapikwa jana yake, kwa hiyo siku ya wageni wewe umeshaoga na kujifukiza udi.

Naandika baada ya kumwelekeza wifi yangu wa Ngamiani kwa simu. Asubuhi ya siku ya shughuli alinipigia: "Wifi, mbona juu kumekuwa maji tupu?" Jibu lake liko mbele, kwenye matunda. Upishi wenyewe ni wa dakika kumi na tano. Watu wanakwama kwenye kugandisha, na hapo ndipo nitakapokaa sana.

Vitu vya glasi ndogo nane

Krimu mililita 500, maziwa mililita 250, sukari gramu 80, gelatini ya unga gramu 9 (vijiko vya chai 3 vya kusawazisha), maji baridi vijiko vya chakula 4, iliki punje tano au sita, na chumvi kidogo sana. Vanila ukipenda. Mimi naona iliki ya Amani, kule milima ya Usambara, inatosha, na harufu yake haina mpinzani.

Krimu iwe ya maziwa kweli. Ile ya kupambia keki, ya unga au ya boksi iliyotengenezwa kwa mafuta ya mimea, iache dukani: ina sukari yake tayari na inaacha utando wa mafuta kwenye kaakaa. Soma pakiti, unatafuta mafuta ya maziwa asilimia 30 na kuendelea. Ukiikosa, krimu nzito ya kopo inafaa, ila panna cotta itakuwa nyepesi kidogo mdomoni. Malai ya kujikusanyia juu ya maziwa yaliyochemshwa nayo inakubali, lakini ina vipande vipande. Isage na sehemu ya maziwa kwenye blenda, kisha uichuje. Maziwa yawe yenye mafuta yake yote.

Hatua ya 1: Chagua cha kugandishia

Kwanza suala la halali. Gelatini inatokana na ngozi na mifupa ya wanyama, na nyingi duniani ni ya nguruwe. Kama pakiti haisemi ni ya ng'ombe na haina alama ya halali, usiinunue, hata muuza duka akikuapia. Mgeni akikuuliza mezani, uwe na jibu. Chukua ya unga. Ile ya karatasi wapishi wa mahotelini wanaisifu sana, lakini karatasi za aina moja hazilingani nguvu na za aina nyingine, na kwa jiko la nyumbani ni kujisumbua tu.

Pili, joto. Panna cotta ya gelatini inayeyuka kwenye joto la mwili, ndiyo maana ikigusa ulimi inapotea. Utamu wake wote uko hapo, na kasoro yake iko hapo hapo: sebule yetu ya Februari yenye nyuzi 31 au 32 haiko mbali na joto la mwili. Ukiiacha mezani wakati watu wanamalizia pilau na stori, kingo zinalegea.

Njia nyingine unayo kabatini tayari kama huwa unapika faluda: chaina grasi, yaani agari, inayotokana na mwani. Ikishaganda haiyeyuki mpaka ifike karibu nyuzi 85, kwa hiyo hata barazani inasimama. Ila haiyeyuki mdomoni pia, inakatika. Wageni wako wakikaa mezani moja kwa moja na friji iko karibu, tumia gelatini. Ikiwa ni karamu ya watu kujipakulia uani, tumia agari na usione haya. Mimi mwenyewe nikiwa na nafasi ya kuchagua, ni gelatini tu.

Hatua ya 2: Lowesha gelatini

Weka maji kwenye bakuli pana, kisha nyunyiza unga juu yake, taratibu, uenee. Usimwagie maji juu ya unga. Ukifanya hivyo utapata madonge yaliyolowa nje na makavu ndani, na madonge hayo hayatayeyuka hata uyakorogeje.

Maji yawe baridi kweli. Maji ya bomba la Tanga saa nane mchana ni vuguvugu, na gelatini ikikutana na vuguvugu inaanza kuyeyuka nje kabla haijanywa maji ndani. Tumia ya friji. Subiri dakika tano hadi kumi, mpaka unga wote uwe umevimba na kushikana, pasiwe na sehemu nyeupe kavu. Ikiwepo hata moja, dondoshea matone ya maji hapo hapo na usubiri tena.

Hatua ya 3: Pasha

Sufuria nzito, moto mdogo wa gesi. Jiko la mkaa sikushauri, huwezi kuupunguza moto kwa haraka. Weka krimu, sukari, chumvi na iliki uliyoitwanga kidogo. Koroga mpaka sukari iyeyuke na mvuke uanze kupanda pembeni. Zima. Isichemke: gelatini inayeyuka vizuri hata kwenye nyuzi 60, na ukiichemsha nguvu yake inapungua.

Tia gelatini na ukoroge kwa mwiko, si kwa mchapo, maana povu ukilitia halitoki. Koroga dakika mbili nzima. Kisha chovya kijiko, kigeuze, utazame mgongo wake kwenye mwanga. Ukiona punje ndogo ndogo zinazong'aa, bado. Rudisha kwenye moto mdogo kabisa, koroga, tazama tena. Kikiwa safi, mimina maziwa ya baridi kidogo kidogo huku unakoroga, halafu chuja.

Sasa jaribio ambalo watu wengi wanaliruka: mimina kijiko kimoja kwenye kisahani, weka friji dakika ishirini. Gelatini za makampuni tofauti hazina nguvu sawa, na hapa ndipo utakapojua ya kwako. Ukiinamisha kisahani itikisike bila kutiririka. Ikitiririka, lowesha kijiko cha chai kimoja zaidi, pasha mchanganyiko, uitie. Ikiwa ngumu ya kukatika, ongeza maziwa. Marekebisho haya saa hii ni rahisi. Kesho asubuhi, glasi zikiwa zimeshajazwa, ni kazi.

Kwa wa agari: usipashe hivi. Agari inataka kuchemka hasa. Weka kijiko cha chai kimoja na nusu cha agari ya unga kwenye maziwa ya baridi, koroga, chemsha dakika tatu bila kuacha kukoroga. Ya nyuzi nyuzi iloweke kwanza, uichemshe kwenye maji kidogo mpaka usione uzi hata mmoja, ndipo uiunganishe na maziwa. Krimu, sukari na iliki zipashe pembeni, ziwe moto, ndipo uchanganye. Krimu ya friji ikigusana na agari ya moto, agari inaganda papo hapo na unapata vipande vinavyoelea. Kisahani cha majaribio ni kile kile. Chuja, mimina kwenye glasi bila kuchelewa, na ruka hatua inayofuata.

Hatua ya 4: Poza kabla ya friji

Weka sufuria ndani ya beseni la maji na barafu, koroga polepole mpaka mchanganyiko uwe mzito kama uji mwepesi. Ukiuingiza friji ungali moto, mafuta yanapanda juu na kuganda peke yake: utando wa manjano juu, maziwa mepesi chini.

Hatua ya 5: Mimina na ugandishe

Glasi. Mambo ya kupindua kutoka kwenye kibati waachie wenye viyoyozi. Funika, weka friji saa sita au usiku kucha. Umeme ukikatika, usiufungue mlango kuchungulia.

Hatua ya 6: Matunda

Sasa maji ya wifi. Alipanga vipande vya nanasi bichi, yaani lisilopikwa hata kama limeiva, juu ya glasi tangu usiku. Nanasi bichi lina kimeng'enya kinachokata protini, na gelatini ni protini. Kwa hiyo lilikuwa linaila panna cotta yake usiku kucha. Papai bichi, tini mbichi na tangawizi mbichi ni vivyo hivyo. Kama lazima liwe nanasi, lichemshe na sukari dakika kadhaa, lipoe kabisa, ndipo uweke. Joto linakiua kimeng'enya. Nanasi la kopo halina neno kwa sababu limeshapikwa. Agari si protini, haijali.

Nilimwambia akwangue juu, afute glasi, aweke embe dodo lililosagwa na ndimu. Msimu wa maembe ndio huo huo wa joto, yanajaa sokoni. Pesheni za Lushoto na kijiko cha asali ni nzuri zaidi, uchachu wake unakata mafuta ya krimu. Ndimu na ukwaju vikae juu tu. Ukivitia ndani ya sufuria maziwa yatakatika. Rojo lolote liwe baridi na liwekwe dakika ya mwisho.

Hatua ya 7: Mezani

Ya gelatini itoe friji watu wakiwa wameshanawa, si kabla. Sinia ulilopanga glasi liwe limekaa friji nalo.

Ikibaki, inakaa siku tatu, lakini funika kila glasi vizuri. Krimu inavuta harufu, na friji za huku hazikosi samaki changu.