Kumtafuta Myahudi aliyejificha katika nyaraka za Uholanzi

Aliyejificha alijitahidi asionekane kwenye karatasi yoyote. Ndiyo maana wengi huandika jina kwenye kisanduku cha kutafutia, wakakosa kitu, wakakata tamaa. Kwa familia za Kiyahudi zilizojificha Uholanzi kati ya 1942 na 1945, nchi ilipokuwa chini ya Wanazi wa Ujerumani, tafuta pengo: siku ya mwisho mtu anapoonekana kwake, na siku anapoibuka tena.

Anza na jina, maana makosa mengi yapo hapo. Tumia lile la cheti cha kuzaliwa. Anne Frank, msichana aliyeandika shajara mafichoni, kwenye makaratasi ni Annelies Marie, amezaliwa Frankfurt, 12-6-1929, yaani 12 Juni. Waholanzi hutanguliza siku. Mwanamke aliyeolewa huandikwa majina mawili yenye kistari katikati, la mume kwanza. Mama yake Anne ni Frank-Holländer, kwa hiyo mtafute kwenye F na kwenye H, tena ujaribu Hollander na Hollaender. Jina likigoma kabisa, tarehe ya kuzaliwa pamoja na mji mara nyingi hufungua mlango.

Kisha nenda kwenye kadi ya mkazi. Kadi hizo zilianza 1939. Za Amsterdam zimo katika hifadhi ya nyaraka ya jiji. Tazama mwisho wa safu ya anwani. Ukikuta herufi VOW, maana yake ni "ameondoka, haijulikani alikokwenda". Usiichukulie tarehe yake kuwa ndiyo siku familia ilipotoroka: hiyo ni siku ya karani, na karani huweza kuchelewa. Isitoshe, wengine walipotosha makusudi. Familia ya Frank ilitoka Merwedeplein 37 tarehe 6 Julai 1942 ikaacha kikaratasi chenye anwani ya Maastricht, ili watu wadhani imekimbilia Uswisi. Kumbe ilikuwa Prinsengracht 263, jiji lilelile, nyuma ya ofisi ya baba.

Hatua ya tatu ni Arolsen Archives ya Ujerumani, hifadhi ya nyaraka za waliodhulumiwa na Wanazi. Kutafuta ni bure mtandaoni, na kadi za Baraza la Wayahudi la Amsterdam, chombo kilichoundwa kwa amri ya Wajerumani, zimo. Angalia namba ya bweni na tarehe ya kuingia Westerbork, kambi ya Uholanzi ambako Wayahudi walikusanywa kabla ya kupelekwa mashariki. Bweni 67 lilikuwa la adhabu, na waliokamatwa mafichoni walitiwa humo. Akina Frank walikamatwa 4 Agosti 1944, wakafika Westerbork tarehe 8, wakapakiwa kwenye treni ya Auschwitz, kambi ya mauaji huko Poland, 3 Septemba. Pengo lao ni miaka miwili na mwezi mmoja kasoro siku mbili.

Lakini si kila pengo ni maficho. Huenda mtu alikuwa Vught, kambi nyingine ya Uholanzi, au alivuka kwenda Ubelgiji. Bila bweni 67 au ushahidi wa aliyemficha, andika "huenda" na uishie hapo.

Aliyenusurika bila kukamatwa hutampata Westerbork. Huyo mfuate kupitia waliomficha. Yad Vashem ya Jerusalem, taasisi ya kumbukumbu ya mauaji ya Wayahudi, imekuwa ikiwatambua waokoaji tangu 1963. Wamezidi 28,000, na Waholanzi ni zaidi ya 5,900. Tafuta kwa jina la kijiji, halafu soma orodha ya waliookolewa. Fuatilia kila mwanafamilia peke yake: mara nyingi watoto walipelekwa kwingine kabisa, wakapewa majina mengine.

Tarehe za kifo ndizo zinazowaponza hata wazoefu. Sheria ya Uholanzi ya 1949 iliruhusu serikali kuandikisha vifo vya waliopotea, na tarehe zilikadiriwa kutokana na siku treni iliyowabeba ilipoondoka. Kati ya Machi na Julai 1943, treni 19 zilibeba watu 34,313 kutoka Westerbork hadi Sobibor, kambi nyingine ya mauaji huko Poland. Safari ilichukua siku kama tatu, kwa hiyo cheti huonyesha siku ya tatu baada ya kuondoka. Kwingine utakuta siku ya mwisho ya mwezi. Kifo cha Anne kiliandikwa Machi 1945, hadi utafiti wa 2015 ulipokirudisha nyuma, yamkini Februari.

Na tovuti tatu zikikupa tarehe ileile, angalia kwanza kama hazikunakili karatasi moja. Zikiwa zimenakili, una shahidi mmoja tu.