Jinsi ya kutunga asili ya kifaa cha uchawi katika mchezo wako

Mpe mchezaji upanga unaoongeza alama 2 za shambulio, ataubeba mpaka aokote wa alama 3, kisha auuze sokoni. Kifaa chenye asili hakiachwi kirahisi hivyo. Mimi huongoza michezo ya mezani, ile ya dadu na masimulizi, na huu ndio utaratibu ninaoufuata. Anayetengeneza mchezo wa kompyuta naye utamfaa.

Hatua ya 1: Tafuta tukio kwanza

Wengi huanza na nguvu, tuseme fimbo inayorusha moto, halafu wakaibandikia hadithi. Anza upande wa pili: ni jambo gani zito lililotokea hata kitu cha kawaida kikabadilika?

Tutunge kimoja. Mji umezingirwa, walinzi wakapitiwa na usingizi, adui akaingia usiku akauteketeza. Walionusurika wakakusanya bangili za wafu wao, wakaziyeyusha na kusubu kengele. Hapo nguvu imeshajitaja yenyewe: kengele ikilia, hakuna aisikiaye atakayebaki usingizini, hata aliyelazwa kwa uchawi.

Hatua ya 2: Bei itoke kwenye jeraha lilelile

Anayeigonga kengele yetu halali mpaka jua lichwe mara tatu. Ukimpa badala yake ugonjwa wa ngozi au bahati mbaya, umekata uzi unaoiunganisha bei ya kuitumia na usingizi ulioangamiza mji.

Mfano bora ninaoujua umo katika Dungeons & Dragons, mchezo uliotoka 1974. Mwaka 1976 uliongezewa Mkono wa Vecna na Jicho la Vecna. Vecna alikuwa mchawi aliyekikwepa kifo kwa uchawi, akatawala akiwa mfu anayetembea. Msaidizi wake, Kas, alimsaliti kwa upanga ambao Vecna mwenyewe alimtengenezea, na kilichosalia cha bwana yule ni mkono mmoja na jicho moja. Anayetaka kuutumia Mkono sharti akate wake wa kushoto. Anayetaka Jicho, alitoe lake. Nimeona meza nzima ikinyamaza mchezaji anapofikia uamuzi huo, na hakuna hesabu ya alama inayoweza kuleta ukimya ule.

Hatua ya 3: Amua kinavyoangamizwa

Usiiruke hatua hii, kwa sababu ndiyo inayozaa safari ya mchezo. Katika kanuni za 2014, Mkono na Jicho huteketea kabisa iwapo vyote viwili vimeungwa kwa kiumbe mmoja, na kiumbe huyo akauawa kwa Upanga wa Kas. Yaani usaliti ule wa kwanza lazima urudiwe. Sisi tuliosimuliwa habari za Fumo Liongo mantiki hii si ngeni kwetu: shujaa asiyedhurika kwa silaha yoyote ila sindano ya shaba kitovuni, na siri ikachukuliwa na mtu wa damu yake.

Kengele yetu? Iyeyushwe, ifuliwe tena bangili, zivishwe watoto wa uzao wa mji ule. Wachezaji sasa wana kazi ya kuwatafuta watu waliotawanyika vizazi vingi vilivyopita.

Hatua ya 4: Ipitishe mikononi mwa watu

Wamiliki watatu wanatosha. Mmoja aitumie kwa wema, mmoja kwa tamaa, mmoja asijue alicho nacho. Mmiliki wa pili wa kengele yetu, mfalme, aliwakesha askari wake kwa kengele hiyo hadi wakafa njiani.

Hatua ya 5: Ivunje historia vipandevipande

Usisome kurasa mbili mezani. Dark Souls, mchezo wa video wa 2011, ulificha sehemu kubwa ya historia yake ndani ya maelezo mafupi ya vitu vinavyookotwa. Mchezaji anaunganisha mwenyewe, na anakiamini zaidi alichokigundua. Kwa kengele, weka majina ya watoto yaliyochongwa kwa ndani, wimbo wa mjane, na daftari la karani wa mfalme. Acha wimbo na daftari vipingane kuhusu aliyelala zamu usiku ule.

Hatua ya 6: Bakiza nafasi

Mwongozo wa 1979 wa mchezo ule wa Vecna uliacha sehemu tupu ili kiongozi wa mchezo achague mwenyewe nguvu za vifaa vikuu. Fanya hivyo pia. Usiamue nguvu ya mwisho ya kengele kabla ya kuwasikia wachezaji wakibishana kuihusu. Mmoja wao akiuliza kama inaweza kuwaamsha waliozikwa, andika swali hilo pembeni, endelea na mchezo, ulijibu kikao kijacho.