Paka, zulia na dipoziti: mpangaji wa Uingereza, dai ruhusa ya maandishi

Ndugu zangu wa Tanga mlioko Uingereza, na nyinyi mnaojiandaa kuja, kuna mtego kwenye nyumba za kupanga huku ambao kwetu hatuujui. Someni kabla mtoto hajamwekea paka maziwa mlangoni.

Kwetu Tanga, mtaa wa Ngamiani, paka hana mkataba. Anaingia uani, anakula vichwa vya samaki, analala juu ya gunia la mkaa, na mwenye nyumba akija kuchukua kodi yake ya miezi sita hamuulizi mtu paka huyu ni wa nani. Huku mikataba mingi ina kifungu kinachokataza mnyama bila idhini ya maandishi ya mwenye nyumba. Shikeni hapo kwenye maandishi.

Coventry tulikopanga, paka wa jirani alizoea kuingia kwa dirisha la jikoni. Wanangu wakamwekea bakuli chini ya sinki. Siku ya ukaguzi kijana wa wakala anayemsimamia mwenye nyumba akaliona bakuli, akamwona na paka mwenyewe, akachuchumaa akamkuna shingoni. Akaniambia hakuna shida kabisa, hata kwa mama yake wapo. Akapiga picha zake, akaaga vizuri. Kwenye ripoti aliyompelekea mwenye nyumba aliandika kwamba mpangaji anafuga paka, na picha ya bakuli ikaambatanishwa. Yale aliyonitamkia hayakuwemo. Tulipohama tukadaiwa dawa ya viroboto, usafi wa nyumba nzima na zulia jipya la sebuleni, vyote vikatwe kwenye dipoziti yetu, yaani fedha ya dhamana tuliyoweka siku ya kuingia. Kijana mwenyewe alikuwa ameshaacha kazi.

Kwa hiyo nasema, na nitarudia: mkaguzi akicheka na paka wako, hajakupa ruhusa. Akisema sawa, jioni ileile muandikie barua pepe, "Leo ulipokuja kukagua umesema hamna pingamizi na paka anayeingia hapa. Naomba mwenye nyumba athibitishe." Kimya, andika tena. Ruhusa ya simu andika. Ruhusa ya mlangoni andika. Kama huwezi kuionyesha, mbele ya msuluhishi wa migogoro ya dipoziti haipo.

Mama yangu mdogo wa Makorora alinitumia sauti ndefu: mpikie mwenye nyumba biriani, nenda na watoto, kaeni muyamalize kiutu uzima. Mama mdogo, nakuheshimu, lakini mwenye nyumba huku unaweza kukaa kwake miaka usimwone sura. Kati yenu yupo wakala, na huyu si kama dalali wetu anayekula kodi ya mwezi mmoja akapotea. Huyu anakaa na faili lako mpaka siku unayotoka. Na binamu zangu mnaoshauri paka afichwe kabatini ukaguzi ukija, acheni. Manyoya hayafichiki, na ukikutwa umeficha, hata haki uliyokuwa nayo inakosa mtetezi.

Na haki ipo. Tangu tarehe 1 Mei 2026, chini ya Sheria ya Haki za Wapangaji ya 2025, mpangaji wa England anaweza kumwomba mwenye nyumba kwa maandishi aruhusiwe kufuga, akieleza ni mnyama gani. Mwenye nyumba ana siku 28 za kujibu kwa maandishi, na hawezi kukataa bila sababu ya msingi. Sababu ya msingi ni kama mwenye nyumba wako naye kufungwa na mkataba wa mmiliki mkuu wa jengo unaokataza wanyama. Wala hawezi kukutoza dipoziti ya ziada kwa ajili ya paka: kwa kodi iliyo chini ya paundi 50,000 kwa mwaka, kikomo ni kodi ya wiki tano, uwe na paka usiwe naye. Scotland na Wales wana sheria zao.

Watu hawa wanapenda wanyama kwa dhati, na mimi nimewaheshimu kwa hilo. Chama chao cha kuzuia ukatili kwa wanyama kilianzishwa London mwaka 1824. Cha watoto cha London kilikuja 1884. Lakini nyumba zao zimetandikwa zulia ukuta kwa ukuta, na hapo ndipo ugomvi ulipo. Kwetu sakafu ya saruji unapiga deki, yamekwisha. Zulia linashika harufu na kuvutwa nyuzi, na kila uzi una bei. Naona si haki familia yenye watoto ipangishwe juu ya kitambaa kisha ilaumiwe kwa kuishi.

Siku ya kuingia, piga picha kila zulia, hasa kwenye vizingiti vya milango, na usisaini ripoti ya hali ya nyumba kabla hujaisahihisha. Hakikisha mwenye nyumba ameilinda dipoziti kwenye mfuko wa kulinda dipoziti ulioidhinishwa na serikali ndani ya siku 30.

Mkigombana mwishoni, omba usuluhishi wa mfuko huo. Ni bure, na mwenye mzigo wa kuthibitisha ni mwenye nyumba. Hawezi kudai zulia jipya kwa lililochakaa. Umri wake unahesabiwa. Kilichotuokoa sisi ni chipu, kidude kidogo cha utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi ya paka. England paka aliyevuka wiki 20 lazima awekewe, tangu Juni 2024, na ya yule paka ilisajiliwa kwa jina la jirani. Jirani, Mungu ambariki, akaniandikia barua ya kuthibitisha kwamba ni wake. Tulikatwa sehemu ya zulia lililokwaruzwa kizingitini, nyingine tukarudishiwa.

Nyinyi mnaoishi chumba ndani ya nyumba ya mwenye nyumba mwenyewe, haki hii ya siku 28 haiwahusu. Hapo kauli ni yake. Na mliopangishwa chumba na Mtanzania mwenzenu, msiridhike na "fuga tu, ndugu yangu". Mwombeni awaonyeshe mkataba wake. Naye huenda ni mpangaji, na paka wenu akionekana, dipoziti inayokatwa ni yake, halafu atawageukia nyinyi.