Anwani Yako ya Ulaya Ina Uzito: Kabla Hujauza Viondo Mtandaoni

Simu ilitoka Machakos. Binamu yangu alikuwa ameweka viondo kwenye soko moja la mtandaoni, wateja wa Ujerumani na Ufaransa wakaanza kuulizia, mara tangazo likafungwa. Ujumbe aliopata ulimtaka aandike jina na anwani ya mtu aliye ndani ya Umoja wa Ulaya. "Dada, wewe si uko Hamburg? Nipe anwani yako tu niiweke hapo." Nilibakiza kidogo niitume.

Kama unaishi Ulaya, ombi hili litakufikia na wewe, kama bado halijakufikia. Linatokana na Kanuni ya Usalama wa Jumla wa Bidhaa, namba 2023/988, iliyoanza kutumika tarehe 13 Desemba 2024. Bidhaa iliyotengenezwa nje ya Umoja haiuzwi kwa mlaji bila kuwa na mtu au kampuni ndani ya Umoja inayowajibika nayo. Jina la huyo mhusika, anwani ya posta na barua pepe lazima visomeke kwenye bidhaa au kifungashio chake, na kwenye tangazo pia. Kazi yake si kupokea barua tu. Mamlaka wakiuliza, yeye ndiye anayetoa nyaraka. Mtu akiumia, yeye ndiye anayetafutwa. Ndiyo maana anwani si kitu cha kuazimana kama sufuria, hata kwa ndugu.

Kuna njia mbili za halali. Binamu anaweza kukuteua uwe mwakilishi wake kwa maandishi, na majukumu yako yatajwe mle ndani. Au wewe unanunua mzigo, unauingiza, unauuza. Hapo kisheria wewe ni mwagizaji, wajibu ni wako moja kwa moja na huhitaji kumtafuta mwingine. Mimi nilichagua hii ya pili, kwa sababu angalau nakishika kila kiondo kabla hakijaenda kwa mteja. Ila ukibandika chapa yako mwenyewe, sheria inakuhesabu kuwa mtengenezaji, na faili lote la kiufundi linakuwa juu yako.

Walioko Uingereza wasikie hili vizuri: anwani ya London haifai kwa mteja wa Paris au Berlin. Waingereza wako nje ya Umoja, na ni Ireland Kaskazini pekee kule inayofuata kanuni hii.

Faili lenyewe lisikutishe. La kiondo changu lina kurasa tatu: picha, vifaa vilivyotumika, kikundi cha akina mama waliosuka, namba ya mzigo, kisha hatari zinazoweza kutokea na tulivyozizuia. Linatunzwa miaka 10. Kaa na kiondo mezani ujiulize kinaweza kumdhuru mtu vipi. Mkanda ukikatika na kiondo kimejaa chupa? Ncha ya msumari wa kubanizia mkanda inachoma kwa ndani? Rangi ya mkonge inachuja ikilowa mvua? Mimi nilipitisha kitambaa cheupe chenye maji kwenye viondo vya mzigo wa kwanza, na vile vyekundu vikaacha doa la waridi. Tukabadilisha rangi.

Mkanda wa ngozi una sheria yake. Kromiamu ya aina ya sita haitakiwi kuzidi miligramu 3 kwa kila kilo ya ngozi inayogusa mwili. Muulize anayekuuzia kama ngozi imelainishwa kwa kromiamu au kwa magome ya miti, na akujibu kwa maandishi. Asipojua, ipeleke maabara au tumia mkanda wa mkonge.

Bangili za shaba ndizo zilizonipa somo la gharama. Nairobi mafundi wengi huyeyusha kufuli na bomba za zamani, na kazi yao inapendeza sana. Lakini shaba ya bomba mara nyingi huchanganywa na madini ya risasi ili ichongeke kwa urahisi. Mapambo yanayouzwa Ulaya hayaruhusiwi kuwa na risasi zaidi ya asilimia 0.05 ya uzito, wala kadimiamu zaidi ya asilimia 0.01, na nikeli inayotoka kwenye chuma kwenda kwenye ngozi nayo ina kikomo chake. Nilipeleka bangili moja maabara nikiwa tayari nimelipia boksi zima. Ilishindwa. Tangu siku hiyo sampuli hutangulia na pesa hufuata.

Kanga na vitenge ni rahisi zaidi. Panahitajika lebo ya nyuzi kwa lugha ya nchi unayouza, kwa Ujerumani ni "100 % Baumwolle", yaani pamba tupu, na rangi zisiwe zile za azo (kundi la rangi za viwandani) zilizopigwa marufuku. Vinyago navyo vina mtego: twiga wa mbao wa kuweka kabatini ni pambo, lakini ukiandika kwenye tangazo kwamba watoto watampenda, umemgeuza kitu cha kuchezea, na vitu vya kuchezea vina vipimo vyao na alama ya CE, ile ya kutamka kwamba bidhaa imetimiza masharti ya Ulaya. Alama hiyo, tafadhali, usiipige kwenye kiondo. Ni ya aina fulani za bidhaa tu, na kuiweka isipohitajika ni kosa. Mpingo uko kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Vinyago vilivyokamilika vyenye jumla isiyozidi kilo 10 za mbao hiyo kwa shehena vimeachiwa tangu 2019, ila gogo ambalo halijachongwa haliko kwenye nafuu hiyo. Sabuni na mafuta ya kupaka vina kanuni nyingine kabisa, 1223/2009, inayodai ripoti ya mtaalamu wa usalama kwa kila mchanganyiko. Kwa maoni yangu, usianzie huko.

Ukiwauzia Wajerumani, jiandikishe pia kwenye rejista ya vifungashio inayoitwa LUCID. Tangu Julai 2022 masoko ya mtandaoni yanalazimika kuhakiki namba hiyo, hata kama unatuma viondo vitano kwa mwezi. Upande wa ushuru kuna nafuu: mkataba wa Kenya na Umoja wa Ulaya umeanza kazi tarehe 1 Julai 2024, na Tanzania ina msamaha wake kama moja ya nchi zenye maendeleo duni zaidi. Andaa uthibitisho wa asili ya bidhaa kabla mzigo haujapakiwa, maana forodha hawataupata kwa kusikia umetoka wapi.

Tangazo likifungwa, usianze kubishana na huduma kwa wateja. Mamlaka ikitoa amri, soko lina siku mbili tu za kazi kuondoa bidhaa, kwa hiyo hawana nafasi ya kukusikiliza kwanza. Tuma faili, picha ya lebo na anwani, kwa ujumbe mmoja uliokamilika.

Viondo vya Machakos sasa vina kitambaa kidogo cheupe kilichoshonwa chini ya mdomo, upande wa ndani: jina langu, mtaa wangu, barua pepe, na namba ya mzigo. Binamu hukipiga picha na kunitumia kabla hajafunga boksi. Mara ya mwisho barua pepe ilikuwa imekosa herufi moja, na viondo 40 vikarudi kwa akina mama kushonwa upya kabla ya kupelekwa uwanja wa ndege.