Kagua michango yako ya PSSSF kabla ya kustaafu

PSSSF ni mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma Tanzania. Mtumishi wa umma anaweza kustaafu kwa hiari kuanzia miaka 55, na kwa kawaida hustaafu kwa lazima akiwa na 60. Ili upate pensheni ya kila mwezi unahitaji angalau michango ya miezi 180. Mwajiri huchangia asilimia 15 ya mshahara, wewe 5.

Kokotoa pensheni hivi: chukua wastani wa mshahara wa mwaka, zidisha kwa miezi uliyochangia, gawanya kwa 580. Mwalimu wa Nachingwea mwenye miezi 360 na wastani wa milioni 12 ana pensheni ya mwaka ya takriban shilingi 7,448,000. Sehemu ya pensheni hiyo ya mwaka huzidishwa kwa 12.5 na kulipwa kwa mkupuo. Inayobaki hugawanywa kwa 12 kupata pensheni ya mwezi. Posho ya nyumba au safari haiingii kwenye mshahara unaokokotolewa, hata ukiwa Liwale ndani kabisa.

Kinachoweza kuchelewesha malipo ni miezi iliyopotea, yaani ambayo michango yake haionekani kwenye kumbukumbu. Aliyehama halmashauri, tuseme Masasi kwenda Ruangwa, au aliyeanzia LAPF au PSPF, mifuko ya pensheni ya zamani, kabla haijaunganishwa kuwa PSSSF mwaka 2018, aombe taarifa ya michango mapema, ailinganishe na hati za mshahara mwezi kwa mwezi. Jina na tarehe ya kuzaliwa vilingane kwenye barua ya ajira na kitambulisho cha NIDA. Pengo ukiliona, lipeleke kwa afisa utumishi kwa maandishi, ubaki na nakala yenye muhuri.