SOMO: Kumuelewa mtu kabla hujampiga faini

Habari wakuu. Mimi ni cheamani (mwenyekiti) wa steji ya bodaboda hapa Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, huku huku ambako baiskeli za miaka ya 1960 zilianza kuvusha watu boda hadi boda, kwa hiyo kwa haya mambo msinibishie hehe.

Kijana mmoja alikuwa anaruka foleni kila jioni, abiria akitokea tu keshawasha pikipiki na mwenye zamu bado anafunga helmeti. Nikampiga faini 5,000, karuka tena, nikampiga 10,000, karuka tena.

1. Mtoe pembeni. Mbele ya wenzake atawajibu wao siyo wewe. Nilimnunulia rolex (nyie wa mbali ni chapati na mayai, siyo saa) tukakaa nyuma ya kibanda.

2. Acha "kwa nini", inanuka kesi. Sema "hebu nieleze siku yako toka asubuhi" alafu NYAMAZA, hapa ndo pagumu, mimi ulimi uliniwasha mara tatu. Kumbe pikipiki siyo yake, tajiri anataka hesabu 10,000 kila siku na saa kumi na mbili jioni anaichukua kumpa dereva wa usiku. Sisi tukikosa mchana tunafidia usiku, yeye saa kumi na moja ikimkuta na elfu sita mfukoni lazima awe kichaa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

3. Mrudishie ulichosikia kwa maneno yako. Akisema siyo hivo, shukuru, anza upya.

4. Dawa tafuteni wote. Tulipitisha kwamba wa hesabu wanaorudisha mapema watangulie saa ile ya mwisho. Walikuwa watatu na mimi cheamani sijui!

MASWALI

Mdau, Mbale: Ukiwa mpole hivo si watakupanda kichwani?
Jibu: Mkuu, ile 15,000 alilipa yote, sikumpunguzia hata shilingi.

Dada, Jinja: Natunza hela za kikundi cha akina mama, kuna mmoja kila nikimuuliza deni ananidanganya.
Jibu: Dada, mfuate sokoni umsaidie kuchambua nyanya masaa mawili, mtu mikono ikiwa na kazi mdomo unafunguka. Daftari la madeni liache nyumbani.

Mdau, Arua: Na hao mliowanyima ile saa ya mwisho hawakulalamika?
Jibu: Walilalamika sana, mzee mmoja mpaka leo hanisalimii. Yeye sijakaa nae bado, naenda kwake jumapili.